Stuli za Bibi Hazivunjiki

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wewe! Funga hili daftari. Kama hukufundishwa kubisha hodi, jifunze leo. Mkwe, nasema na wewe. Mwalimu wa darasa la watu wazima alisema niandike kila siku ili mkono usisahau herufi. Alisema niandike mimi. Hakusema usome wewe.

Naanzia hapa ndani ya jalada. Nafasi ipo, niiache ya nini? Jalada lenyewe lilikuwa limechanika. Nimeliziba kwa nje kwa lebo moja na gundi ya fundi viatu. Limekaza. Halitoki hata kwa koleo.

Lebo imetoka kwenye stuli. Nimeleta dukani stuli kumi na mbili za plastiki, zile za kukunja, kutoka duka la jumla. Nzuri. Nyepesi. Lakini kila moja ina lebo chini ya kikalio. Jina la kiwanda, namba ndogo ndogo, halafu "Mwisho kilo 60", halafu mchoro wa mtu mnene amekaa, amepigwa alama ya kosa. Alama ya kosa! Kama hesabu ya mtoto wa darasa la pili! Wateja wangu ni watu wenye afya zao. Nani atanunua kiti kinachomtukana? Mimi mwenyewe kilo sitini niliziaga kabla sijaolewa.

Nimezibandua zote. Maji ya moto na kisu. Kumi na moja zimeingia motoni pamoja na risiti yenyewe, moto ulikuwa unataka kuzimika. Kisha nikachukua rangi nyekundu nikaandika kwenye kila kikalio, kwa mkono wangu: STULI ZA BIBI HAZIVUNJIKI. Bwana Risiti wa duka la ng'ambo ya barabara anauza stuli hizi hizi, na lebo zake zote, kama alivyozipokea. Yule ukinunua sindano moja anakuandikia risiti. Acha aone mambo.

Moja nilipoikalia ililia ka! Ina ufa mwembamba kama unywele, karibu na bawaba. Nimeupitishia rangi. Herufi ya mwisho imelala juu ya ufa wote. Hauonekani. Nimeiweka nyuma kabisa. Nitamuuzia mtu mwembamba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku kubwa! Tisa zimekwenda!

Kinyozi moja. Mwenye bucha moja. Fundi saa moja. Mama wa saluni mbili. Mpangaji wangu wa uani moja. Kliniki wamechukua mbili, za wajawazito kukalia wakisubiri. Mkwe ni karani wa mapokezi pale, ndiye aliyekuja kuzichukua. Akazigeuza chini juu, juu chini, kama daktari. Akauliza mbona hazina lebo. Nikamwambia zimekuja hivyo hivyo. Akasema za Bwana Risiti zina lebo. Nikamwambia basi akaolewe kwa Bwana Risiti. Akazibeba akaondoka. Mtoto wangu alitafuta mke, akaniletea mkaguzi.

Ya tisa kachukua wifi.

Wifi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwanamke mkubwa. Akiingia dukani, mwanga unatoka kwanza kumpisha. Na ana ugonjwa wake, anaamini vitu vizuri nimevificha nyuma. Akazipita zote zilizokuwa mbele, akainama huko nyuma, akaibuka nayo. Ile ile.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini Bwana Risiti alikuwa amesimama pale pale kaunta, amekuja kuazima bisibisi. Ningetaja neno ufa mbele yake, kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungelijua. Nikafunga mdomo.

Wifi akauliza kama hicho kidude ndicho kitakachombeba yeye, au yeye ndiye akibebe. Watu wakacheka. Bwana Risiti akauliza kwa upole, kwa ule upole wake unaokera, kama kweli kinaweza. Nikajibu kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba hata akikaa yeye na cherehani mapajani, hakitikisiki. Nimesema mimi, Bibi!

Hatukupeana fedha. Alinipa gauni la buluu la vifungo vyeupe, la kazi yake mwenyewe. Limenikaa kama nimezaliwa nalo. Akaondoka na stuli kwapani kama mkoba.

Moyo ulinidunda kidogo. Nikaufokea ukatulia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Imevunjika.

Saa nne asubuhi. Wifi alikuwa ameketi mbele ya cherehani anaunga kola. Stuli ikafyatuka chini yake. Akatanguliza mkono wa kulia. Kifundo kimevunjika. Plasta hadi kwenye kiwiko, wiki sita.

Mkono wa kulia! Wa fundi! Ana sare arobaini za shule za kushona, na shule inafunguliwa tarehe thelathini na moja. Asipozitoa, mwalimu mkuu atampa kazi fundi mwingine, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha mwaka mzima.

Nilimfuata hospitali mbio, kandambili moja ya kijani, nyingine ya njano. Muuguzi akamuuliza ameumiaje. Wifi akanitazama. Kisha akasema ameteleza kwenye sabuni. Akanibana vidole kwa mkono wa kushoto, kunituliza. Yeye ndiye aliyevunjika, mimi ndiye ninayetulizwa!

Nilishukuru. Kisha nikajichukia kwa kushukuru. Kisha nikashukuru tena. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpango. Kuchukua mabaki kabla mtu hajayaona.

Nikaenda kwa wifi asubuhi na gunia tupu chini ya shuka. Nikamwambia nimekuja kumfagilia. Nilimkuta ameuma uzi kwa meno, sindano ameichomeka kwenye mto, anajaribu kuutia uzi kwa mkono wa kushoto. Hakuniona. Akajaribu mara nne. Mara ya tano akaitukana sindano. Mara ya sita akaibembeleza.

Nikamtilia mimi. Akanishukuru. Eti wifi, usingekuwepo wewe sijui ningefanyaje. Nilifagia chumba kile hadi sakafu ikakaribia kutoboka.

Mabaki yalikuwa pembeni. Kikalio kimegawanyika palepale kwenye herufi ya mwisho. Nikayatia kwenye gunia. Njiani nakutana na nani? Bwana Risiti! Akauliza nimebeba nini. Nikasema viazi. Akatazama gunia. Mguu mmoja mweupe wa plastiki umetokeza juu kama unasalimia. Akasema viazi vya mwaka huu virefu.

Nimeyachimbia uani. Mpangaji akauliza napanda nini. Nikamwambia ashughulike na yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Barua! Bahasha ya kahawia yenye mhuri. Ofisi ya malalamiko ya wanunuzi inaniita kesho saa tatu kuhusu "stuli zenye maandishi mekundu". Nimeisoma mara tatu kwa kidole. Haijabadilika.

Bwana Risiti! Nani mwingine? Viazi virefu!

Nimempelekea vita. Nilideki duka, maji machafu nikayamwaga yaelekee mlangoni kwake. Akatoka na ufagio, akayarudisha, akaniuliza kama naumwa. Nikasema kwa sauti kwamba wapo wanaume wenye midomo mirefu kuliko viazi. Wateja wake wakasimama kusikiliza. Akaingia ndani. Nimeshinda.

Mchana nikaenda duka la jumla. Nikamwambia mwenye duka kwamba stuli zake ni mbovu, aje kesho ajibu yeye. Akaomba risiti. Nikamwambia iliingia motoni. Akaomba lebo. Nikamwambia nazo. Akaniuliza basi yeye atajuaje kama ni zake. Yeye anauza stuli nyeupe zenye lebo ya kiwanda. Hizi nyekundu nyekundu zenye jina la Bibi, akasema, nimtafute huyo Bibi. Vibarua wake wakacheka hadi wakatua mizigo.

Kwangu upo ubao ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kesho nauchukua. Kama ni sheria, na mimi ninayo yangu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimeumbuka. Niandike pole pole.

Ofisi ndogo, feni moja, benchi. Ofisa ni mwanamke kijana wa miwani, mpole. Wapole ndio wabaya. Akanipa kiti. Nikakitikisa kwanza kabla ya kukikalia. Akaandika kitu.

Nilikuwa na hoja tatu.

Ya kwanza. Nikasema wifi hakununua, nilimpa zawadi, na zawadi haina lawama. Ofisa akauliza kama sikupokea chochote. Nikasema hata uzi. Akasema gauni langu zuri, nani kashona? Nikajibu kwa fahari kwamba ni wifi, wiki iliyopita tu. Maneno yameshatoka. Nikatamani vifungo vyote vyeupe vinimeze.

Ya pili. Nikautoa ubao. Akausoma, akaulaza mezani. Akasema ubao huo unaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo. Kitu kibovu kinachovunja watu mikono hakizuiliwi na ubao. Ingekuwa hivyo, akasema, hata wauza sumu wangejiandikia ubao.

Ya tatu. Nikapandisha sauti. Mimi ni muuzaji tu! Sina kiwanda! Nilicholetewa ndicho nilichouza!

Hapo akavua miwani. Akasema muuzaji mdogo akionyesha kitu kimetoka wapi na kimetengenezwa na nani, na yeye hakukiharibu, mzigo mkubwa unakwenda kwa aliyekitengeneza. Lakini kuna mambo yanayomvutia muuzaji mzigo wote kifuani. Akayahesabu kwa vidole. Kuweka jina lako juu ya mali ya mwingine. Kuondoa onyo. Kumwahidi mnunuzi kwa mdomo kisicho kweli. Kushindwa kumtaja aliyetengeneza. Na la tano, kujua kitu kina kasoro ukanyamaza. Nilivitazama vidole vyake. Vitano. Vyote vilikuwa mimi.

Akakunja kidole gumba. Akasema la tano haniandikii, maana hana ushahidi kwamba nilijua. Nilimeza mate hadi feni ikasikia.

Akasema ikipatikana lebo hata moja, kiwanda na duka la jumla wataitwa wajibu, na stuli nyingine zitazuiwa kabla hazijamwangusha mwingine. Isipopatikana, kwa ofisi yao mimi ndiye kiwanda. Mimi! Kiwanda! Matibabu ya wifi juu yangu, kazi yake juu yangu, na atakayefuata juu yangu. Alhamisi saa tatu nirudi na jibu. Stuli nyingine nane zirudishwe upesi.

Nikauliza aliyenichongea ni nani, ingawa namjua, jirani yangu wa risiti. Akasema mlalamikaji yuko nje kwenye benchi.

Nikatoka kifua mbele. Kwenye benchi alikuwa mkwe. Na stuli moja ya kliniki mapajani, bawaba imeanza kuachia. Akasimama, akasema shikamoo mama. Hakukimbia. Akasema Ijumaa asubuhi mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane aliikalia, ikalia ka! Akamshika mkono kabla haijafyatuka. Akasema alitaka kuniambia mimi kwanza, akaogopa nitamwambia akaolewe kwingine.

Nikaitikia marahaba, tena kwa upole. Mimi! Tukarudi nyumbani pamoja. Ubao nimeubana kwapani, maandishi nje, unasomeka na mtaa mzima.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Lebo! Lebo moja tu! Nimetafuta tangu alfajiri. Nimechakura majivu ya jiko. Nimechakura jaa. Nimepekua soli za viatu. Mpangaji akauliza kama napanda tena. Nikaketi kuandika nipumue. Nikafunga daftari kuokota kalamu iliyodondoka.

Ipo hapa. Kwenye jalada! Jina la kiwanda, namba ndogo ndogo, kilo sitini, mtu mnene na alama yake ya kosa. Nilicheza! Nilicheza peke yangu chumbani na nyonga hizi!

Kisha nikaweka ukucha kuibandua. Gundi ya fundi viatu. Haibanduki. Kisu kinaichana. Maji ya moto yanayeyusha jalada kwanza. Basi nikasema nitampa ofisa jalada zima. Nikaligeuza nilikate vizuri.

Kwa ndani kuna maandishi yangu. Tarehe tatu Machi. Ililia ka. Ufa kama unywele. Nimeupitishia rangi. Nitamuuzia mtu mwembamba.

Kidole gumba!

Nimejaribu yafuatayo. Kumwagia chai, wino umesimama pale pale, unanitazama. Kusugua kwa kifutio, karatasi imetoboka pasipo na aibu, penye aibu pamebaki. Kubandikia ukurasa wa kalenda, ukiinua juani unasomeka wote, na sasa una picha ya maua. Mwalimu alinisifu kwamba nakandamiza kalamu. Nimemlaani mwalimu.

Nikafikia uamuzi. Sipeleki. Niwe kiwanda.

Alasiri akaja wifi. Jasho linamtiririka, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Amekuja kunipa moyo! Akasema amesikia naitwa kesho, na yeye kaitwa, nisihofu. Atawaambia aliteleza kwenye sabuni. Stuli wala hakuikalia. Akasema marehemu kaka yake asingependa nidhalilishwe mbele za watu na uzee huu. Nikamuuliza sare je. Akasema amemwambia mwalimu mkuu atafute fundi mwingine. Alisema akitazama ukuta. Akacheka kidogo. Eti kwanza alikuwa amechoka kushona kola.

Wifi hajawahi kuchoka kushona kola. Kola ndizo anazojivunia. Kola za wifi zinasimama kama askari.

Nimemtilia chai. Nimemshikia kikombe. Ameondoka. Nimekaa na mkasi muda mrefu. Daftari halina jalada sasa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Niliwakuta wote. Wifi, mkwe, mwenye duka la jumla amenuna, na Bwana Risiti! Nikasema hapo sasa, amekuja kunila nyama. Kumbe alikuwa ameitwa na mkwe. Ameleta stuli yake moja yenye lebo, na risiti yake ya jumla, tarehe ile ile, kuonyesha kwamba stuli zangu na zake zilishuka kwenye gari moja. Kwamba sizui. Alikuja kunitetea. Baada ya maji yangu machafu!

Wifi akaanza. Akasema sabuni. Nikamwambia nyamaza. Nikalaza jalada mezani, lebo juu.

Ofisa akafurahi. Akaiandika namba. Mwenye duka la jumla akaiona, akakunja uso, akasema ndiyo, ni ya kwake. Nilifikiri yameisha. Nilimwomba Mungu asiligeuze.

Akaligeuza.

Akauliza kama hii ni hati yangu. Nikasema ndiyo. Akaliinua kwenye mwanga, akasoma. Kwa sauti! Tena pole pole, kwa ajili ya mwandiko na yale maua ya kalenda. Alipofika kwa mkwe, mkwe akainama. Alipofika kwa Bwana Risiti, Bwana Risiti akakohoa. Alipofika kwenye kilo sitini mwenye duka la jumla akaguna. Kisha akafika kwenye ka! Kwenye unywele. Kwenye rangi. Kwenye mtu mwembamba.

Ofisa akalilaza jalada mezani. Feni ikalipepea.

Wifi akauliza jambo moja tu. Siku ile nilipoinama kule nyuma nikaichukua, ulijua ndiyo hiyo?

Nikasema nilijua.

Akautazama mkono wake wa plasta. Akautazama muda mrefu, kama nguo aliyoletewa airekebishe na hajui aianzie wapi. Nimefiwa na mume. Nimezika watoto wawili. Sijawahi kutaka kukimbia chumba kama nilivyotaka kukimbia kile.

Kisha akasema kwa hiyo mimi ndiye mtu mwembamba? Akacheka. Akacheka hadi machozi. Yale ya mwisho hayakuwa ya kucheka. Mkwe akampa leso. Mimi sikuthubutu.

Ofisa akasema yake. Kiwanda kitaulizwa ufa ulitoka wapi. Duka la jumla limesimamisha kuuza. Na mimi nina mzigo wangu mwenyewe, wa rangi, wa mdomo na wa kunyamaza. Nitamtibu wifi hadi apone. Nitazirudisha stuli zote kwa miguu yangu, na kila mlango niseme kwa nini. Kuhusu kazi ya wifi akatuuliza tunataka tupatane vipi. Wifi akajibu kabla yangu. Huyu, akasema, ana mikono miwili. Atashona yeye. Mimi nitamfokea.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mlango kwa mlango.

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Nikasema nimekuja kuchukua stuli, ni mbovu, niliondoa onyo, niliandika uongo. Mteja mwenye nusu kichwa akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Mwenye bucha akaitoa, akaisoma mbele ya foleni, HAZIVUNJIKI, akaikanyaga, ikavunjika. Foleni ikapiga makofi. Fundi saa alinitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, jicho moja kubwa. Bora angetukana. Mama wa saluni alicheka sana, kisha akakumbuka mama yake mzazi aliikalia juzi. Akaacha kucheka. Hilo limeniingia.

Rangi yangu ndiyo iliyonimaliza. Haifutiki! Nilizibeba mtaani jina langu likiangalia watu. Bwana Risiti akavuka barabara, akachukua nne bila kuombwa. Nikamwambia ahsante. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini ilitoka. Akauliza kama nataka risiti. Nadhani ulikuwa utani.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Sare arobaini zimekwisha! Kesho shule inafunguliwa. Nimeshona kwa vidole vyangu siku kumi na nne. Wifi ameketi pembeni kwenye kiti cha mbao, cha mbao kweli, ananifokea. Kushoto! Fumua! Hiyo kola au ulimi wa ng'ombe? Nimefumua kola ishirini na tisa. Ya thelathini ilisimama. Wifi akaigusa kwa kidole, akasema inafanana na askari, ila askari mlevi. Mwalimu mkuu alikuwa hajapata fundi mwingine, amezipokea. Kazi ni ya wifi.

Hatujarudi kama zamani. Ananisemesha, ananitania, lakini kikombe nikimpa anakigeuza kwanza kukiangalia chini. Kila mara. Natazama pembeni. Ni haki yake.

Mkwe nimemwambia alifanya vizuri. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nafuta kaunta, lakini nilimwambia. Akasema amesikia.

Basi. Mimi ni mtu mzima, na somo nimelipata. Ukiwa na siri, usiiandike ndani ya jalada. Andika katikati, ukurasa wa ishirini huko, ambako hakuna wa kubandika kitu. Hapa ni ukurasa wa ishirini na mbili. Nimehesabu.

Jambo lingine. Stuli mbovu zote duka la jumla limezipokea, na badala yake limenipa ngazi za kukunja za plastiki, sita, vipandio vinne kila moja. Nzuri! Nyepesi! Risiti nimechukua, nani asema sijifunzi? Lakini zina lebo pembeni: "Usikanyage kipandio cha juu." Sasa ngazi ya nini kama mtu hafiki juu? Bwana Risiti amezipanga mlangoni kwake na lebo zimekodoa macho. Hajauza hata moja.

Kuibandua siibandui. Hilo nimekoma. Lebo itabaki palepale, kwa heshima zake zote. Nitaivika nguo tu. Sasa mimi ni fundi, ninajua kushona. Kimfuko kidogo cha kitambaa, kinavaliwa pembeni ya ngazi, kimetariziwa NGAZI ZA BIBI ZINAFIKA. Ofisa alisema onyo lisiondolewe. Hakusema lisivae.

Moja nilipoipanda ilitikisika kidogo. Nimeiweka mbele kabisa. Wifi hachukui za mbele.

Mkwe! Najua umefika hadi hapa. Funga daftari, na kesho kabla ya kwenda kliniki pitia sokoni uniletee uzi mwekundu wa kutarizi, ule mnene, usiochuja.